Kitabu Kwanza au Filamu Kwanza?

Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilichapwa mwaka 1999. Filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Katika miaka 22 iliyopita hapo katikati, kila aliyeisoma riwaya hiyo alijitengenezea Yasmini wake: binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza akiwa bado mbichi, akamkimbia, akapata hifadhi kwa Mwajuma kule Ng'ambo, na hatimaye akampenda Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi kupigania uhuru wa Zanzibar. Msomaji wa Songea alimpa Yasmini sura ya binti wa dukani aliyemfahamu, na wa Mombasa akampa nyingine. Kuanzia mwaka 2021 wakaongezeka wasomaji wa aina mpya, wale wanaofungua ukurasa wa kwanza tayari wakijua Yasmini ana uso gani, kwa kuwa wamekwisha kumwona Ikhlas Gafur Vora akimwigiza. Maneno yaliyoko kwenye kurasa ni yaleyale, lakini anachokipata msomaji wa kundi la kwanza sicho anachokipata wa kundi la pili. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala la kipi kitangulie, kitabu au filamu.

Maandishi hufanya kazi yake kwa kuacha mapengo. Mwandishi akisema kwamba mtu fulani alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito na mikono ya mkulima, ametaja mambo matatu tu. Pua, masikio, mwendo na rangi ya kanzu vyote anavitia msomaji, naye huvichota kwenye mtaa wake, kwenye ukoo wake na kwa watu aliowahi kupishana nao sokoni. Ndiyo maana wasomaji wawili wakibishana juu ya mhusika mmoja hugundua kwamba kila mmoja alimwona mtu wake. Filamu haina ruhusa ya kuacha pengo. Kamera ikishawashwa lazima pua iwepo, kanzu iwe na rangi, ukuta uwe na ufa au usiwe nao. Aliyesoma kwanza anaweza kuitazama filamu akaukataa uso anaoonyeshwa, akasema huyu siye, maana ana wa kwake wa kulinganisha. Aliyetazama kwanza hana cha kulinganisha. Kila akijaribu kumwona mhusika kwa jicho la moyo, mwigizaji anaingia na kuketi palepale.

Okonkwo wa Chinua Achebe ni mfano mzuri. Things Fall Apart ilitoka mwaka 1958, na wasomaji wengi wa Kiswahili waliipata kwa jina la Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute iliyochapwa mwaka 1973. Nchini Nigeria televisheni ya taifa ilirusha tamthilia ya mfululizo iliyotokana na riwaya hiyo mwaka 1987, na Pete Edochie akacheza nafasi ya Okonkwo kwa nguvu iliyomfanya awe mtu wa kutajwa hadi leo. Kwa kizazi kizima cha Wanigeria, Okonkwo ana ndevu, kifua na sauti ya Edochie. Kwa Mtanzania au Mkenya aliyekutana na Shujaa Okonkwo darasani bila kuuona mfululizo huo, Okonkwo anaweza kuwa na mabega ya mjomba wake mkali. Hakuna kati yao aliyekosea, ila wa pili alishiriki kumuumba Okonkwo, na wa kwanza alimpokea akiwa tayari ameumbwa.

Hoja ya uso pekee ingetosha kukipa kitabu nafasi ya kwanza, lakini ipo nyingine nzito zaidi, nayo ni hoja ya muda. Riwaya ya kurasa 300 humchukua msomaji wa kawaida jioni tano au sita. Filamu nyingi huisha kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu. Watunga skripti wana kipimo cha mkono kwamba ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja kwenye skrini, na kwa kipimo hicho skripti ya filamu ya kawaida haizidi sana kurasa 120, tena zenye nafasi nyingi tupu. Kwa hiyo kugeuza riwaya kuwa filamu ni kazi ya kukata kabla ya kuwa kazi ya kuonyesha. Wahusika watatu huunganishwa wakawa mmoja, safari hufutwa, miaka kumi hubanwa ikawa msimu mmoja. Mawazo ya ndani ya mhusika, ambayo mwandishi huyatandaza kwa kurasa mbili bila wasiwasi, hubaki kuwa jicho linaloangalia dirishani kwa sekunde nne.

Vuta N'kuvute yenyewe ilipitia panga hilo. Riwaya ni pana. Inavuka bahari kwenda Mombasa na pwani ya Tanganyika, inafuata ndoa na misukosuko ya Yasmini kwa muda mrefu, na imejaa watu wa pembeni ambao kila mmoja ana kisa chake, tangu askari wa mkoloni wanaowawinda akina Denge hadi wanaharakati wanaokutana kwa siri. Filamu, yenye urefu wa saa moja na nusu hivi, imejikita Zanzibar, ikachukua uhusiano wa Yasmini na Denge pamoja na harakati za kisiasa kuwa uti wa mgongo, na mengi mengine ikayaacha. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa filamu, kwa sababu vichochoro vya Mji Mkongwe, mwanga wa taa usiku, taarabu na Kiswahili cha Unguja kikitoka vinywani mwa watu wake ni vitu ambavyo skrini inavitoa kwa ukarimu kuliko karatasi. Tanzania iliipeleka filamu hiyo kuiwakilisha nchi katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar mwaka 2022, na ilistahili. Lakini aliyeitazama kwanza anaweza kudhani hadithi ya Yasmini ni fupi kiasi hicho. Akija kwenye riwaya baadaye, huanza kuhisi kwamba sura za Mombasa zinamchelewesha, wakati kwa aliyesoma kwanza sura hizo ndizo zinazomfanya Yasmini awe mwanamke kamili, mwenye maisha kabla na baada ya Denge.

Wakati mwingine kinachobadilika ni mpangilio wa matukio, na hapo hasara ya kutazama kwanza huwa kubwa zaidi. Half of a Yellow Sun, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie ya mwaka 2006 kuhusu vita vya Biafra, imegawanywa katika sehemu nne zinazorukaruka: mwanzoni mwa miaka ya sitini, mwishoni mwa miaka hiyo, kisha nyuma tena, kisha mbele tena. Mruko huo si mbwembwe. Msomaji anafika sehemu ya pili na kukuta ndugu wawili, Olanna na Kainene, hawasemezani, na yupo mtoto ambaye habari zake hazijaelezwa. Anasoma kurasa nyingi akijiuliza kilichotokea, mpaka sehemu ya tatu inaporudi nyuma na kumfunulia. Filamu ya Biyi Bandele, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2013, ilinyoosha hadithi ikaenda kwa mstari mmoja tangu sherehe za uhuru wa mwaka 1960 hadi mwisho wa vita. Mtazamaji anaelewa kila kitu kwa wakati wake, na kwa hiyo hana la kujiuliza. Tena riwaya inaanza na Ugwu, kijana wa kijijini anayeingia kazi ya nyumbani kwa mwalimu wa chuo kikuu, na sehemu kubwa ya vita inaonekana kwa macho yake. Filamu ilimweka Olanna katikati. Mtu akitazama kwanza, ile siri aliyoificha Adichie kwa ufundi mkubwa inakuwa imekwisha kutobolewa, na Ugwu atakuwa kichwani mwake mtumishi wa pembeni badala ya kuwa roho ya kitabu. Kwa riwaya hii jibu halina shaka: isomwe kwanza.

Zipo filamu ambazo hazikuishia kukata, zikaongeza. Wazee wengi wa Afrika Mashariki waliosoma shule enzi za ukoloni au muda mfupi baada ya uhuru wanakumbuka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929 ya riwaya ya H. Rider Haggard iliyotoka Uingereza mwaka 1885. Katika kitabu, Sir Henry Curtis anakodi mwindaji Allan Quatermain wakamtafute ndugu yake aliyepotea, na msafara wao hauna mwanamke wa Kizungu hata mmoja. Wanawake wenye nafasi ni Foulata na kikongwe Gagool. Mwaka 1950 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa filamu iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na ndani yake anayekodi mwindaji ni Elizabeth Curtis, aliyechezwa na Deborah Kerr, anayemtafuta mumewe. Mapenzi kati yake na Quatermain ndiyo yanayoibeba filamu hadi mwisho. Mtazamaji aliyevutiwa nayo akaenda kukitafuta kitabu atamsaka Elizabeth tangu sura ya kwanza hadi ya mwisho, asimwone. Aliyetoka kwenye kitabu kwenda kwenye filamu hupata mshangao, lakini hapotei njia.

Out of Africa imekwenda mbali zaidi. Kitabu cha Karen Blixen kilitoka mwaka 1937, baada ya mwandishi huyo wa Denmark kuishi karibu miaka 17 kwenye shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong, kuanzia 1914 hadi 1931. Filamu ya Sydney Pollack ya mwaka 1985 ilipata tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, na iliwafanya watu wengi duniani waamini kwamba kitabu kinasimulia mapenzi ya Blixen na Denys Finch Hatton. Hakisimulii hivyo. Ndani ya kitabu Denys ni rafiki anayekuja na kuondoka, na anachukua kurasa chache tu. Kurasa nyingi ni za shamba, ukame, Wakikuyu waliokuwa wakiishi kwenye ardhi hiyo, Kamante mpishi, na Farah, Msomali aliyesimamia nyumba. Skripti ya filamu ilichota mapenzi hayo kwenye vitabu vingine viwili vya wasifu, kimoja cha Judith Thurman kuhusu Blixen, na kingine cha Errol Trzebinski kuhusu Finch Hatton. Filamu ya namna hii haiwezi kuharibu kitabu wala kukifafanua, kwa kuwa vinazungumzia mambo tofauti chini ya jina moja. Msomaji wa Kenya ana sababu ya ziada ya kukisoma kwanza. Kitabu, pamoja na macho yake ya mlowezi yanayoudhi mahali pengi, kimehifadhi maneno na desturi za watu wa shamba hilo kuliko filamu, ambayo iliwaweka nyuma ya mapenzi ya Wazungu wawili.

Kufikia hapa kitabu kinaelekea kushinda kila mahali. Hakishindi. Kuna vitabu ambavyo hupendeza zaidi filamu ikitangulia, na kimoja kimetoka kwa majirani, Malawi. The Boy Who Harnessed the Wind cha William Kamkwamba, alichokiandika pamoja na Bryan Mealer, kilitoka mwaka 2009. Kinasimulia jinsi njaa ya mwaka 2001 na 2002 ilivyoiangusha familia yake, akaacha sekondari kwa kukosa karo, akaingia kwenye maktaba ya shule ya msingi ya Wimbe na kukuta kitabu cha sayansi kiitwacho Using Energy, kisha akajenga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu. Chiwetel Ejiofor aliigeuza habari hiyo kuwa filamu mwaka 2019, akaipiga Malawi kwenyewe, watu wakiongea Kichewa sehemu kubwa, na Maxwell Simba, kijana wa Kenya, akamwigiza William.

Habari hii ni ya kweli na mwisho wake uko kwenye jina la kitabu, kwa hiyo hakuna siri ya kuharibika. Filamu inampa mtazamaji vitu ambavyo maneno huvipata kwa shida: vumbi la shamba lililokauka, baba anayehesabu magunia, watu wanaogombea mahindi. Akishaviona hivyo, kitabu kinamchukua hatua inayofuata, kwa kuwa kurasa nyingi zimetumika kueleza namna mambo yalivyofanyika. William alipasua mabomba ya plastiki, akayalainisha kwa moto na kuyanyoosha yawe mapanga. Akatumia feni ya trekta, fremu ya baiskeli na dainamo. Akatoboa vifuniko vya soda akavifanya washa. Katika filamu yote hayo hupita kwa dakika chache na muziki juu yake. Mwanafunzi mwenye mikono inayowasha kutaka kujaribu atayataka maelezo ya kitabu.

Kitabu pia kinasahihisha. Filamu inafikia kilele pale kinu kinapovuta maji na kuokoa shamba la familia katikati ya ukame. Mambo hayakwenda hivyo. Kinu cha kwanza, cha mwaka 2002, kiliwasha balbu nyumbani kwa akina Kamkwamba, na pampu ya maji ilikuja miaka kadhaa baadaye, baada ya William kualikwa Arusha mwaka 2007 kuzungumza kwenye mkutano wa kimataifa wa TED na kupata watu wa kumsaidia. Hata baiskeli ya baba, ambayo kwenye filamu inazua ugomvi mkubwa kwa sababu ndiyo pekee wanayoitegemea, kitabuni ni chombo kibovu kisichoendesheka tena. Filamu ilibana ukweli ili ipate kilele, jambo la kawaida katika kazi hiyo, na anayesoma baadaye hupata nafasi ya kuutenganisha ukweli na mapambo. Hali ni hiyohiyo kwa filamu nyingi zinazotokana na maisha halisi au historia. The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyomletea Forest Whitaker tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Idi Amin, ilitokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, na yule daktari wa Uskoti, Nicholas Garrigan, ni mtu wa kubuni. Wapo wanaotoka kwenye skrini wakiamini kwamba aliwahi kuishi Kampala.

Lugha nayo huweza kubadili hukumu. Riwaya nyingi zenye filamu zimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa msomaji wa Mwanza, Goma au Bujumbura hiyo ni lugha ya pili, ya tatu au ya nne. Msomaji kama huyo akianza na kitabu chenye majina thelathini ya watu na mahali asipopajua, huenda akakwama ukurasa wa arobaini na asirudi tena. Filamu ikitangulia inakuwa kama ramani. Anajua nani ni nduguye nani, nyumba ziko wapi, nani wa kuogopwa, na nguvu zote za kusoma zinakwenda kwenye maneno yenyewe. Uso wa mwigizaji utakaa kichwani, ni kweli, lakini hiyo ni bei ndogo kwa mtu ambaye bila filamu asingekimaliza kitabu kabisa. Watu wa Afrika Mashariki wana uzoefu wa kutazama hadithi za lugha za kigeni kwa msaada. Katika vibanda umiza vya Tanzania na vibanda vya video vya Kenya, sauti za watafsiri kama Lufufu na DJ Afro ziliwafanya watu wafuate filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani kwa Kiswahili cha mtaani, na mtafsiri aliongeza chumvi yake kila alipoona inafaa. Mtazamaji wa kibandani alikuwa akipokea hadithi iliyopitia mikono mitatu: ya mwandishi, ya mwongozaji na ya mtafsiri.

Hadithi za upelelezi na za kutisha zina shida ya peke yake, kwa sababu uhondo wao mkubwa huliwa mara moja tu. Alfred Hitchcock alilijua hilo. Filamu yake ya Psycho ya mwaka 1960, iliyotokana na riwaya ya Robert Bloch ya mwaka 1959, ilionyeshwa kwa sharti kwamba kumbi zisimruhusu mtu kuingia baada ya filamu kuanza, na watazamaji waliombwa wasiwatobolee wenzao mwisho. Kibandani watu husema stelingi hafi. Filamu hiyo inamuua mwigizaji wake mkubwa kabla ya kufika katikati. Ajuaye jambo hilo mapema amepoteza nusu ya Psycho, awe amelipata kwenye kitabu au kwa jirani. Kwa hadithi za namna hii hakuna mpangilio usio na hasara, na busara ni kukipa nafasi ya kwanza kile kilichotengenezwa kwa ufundi zaidi. Kwa Psycho, filamu. Kwa riwaya za Agatha Christie, kama Murder on the Orient Express ya mwaka 1934, kitabu, kwa kuwa kinampa msomaji muda wa kurudi nyuma, kupima ushahidi na kumshuku kila abiria kwa zamu.

The Godfather inaingia hapa pia. Riwaya ya Mario Puzo ya mwaka 1969 iliuzwa sana, lakini ina visa vya pembeni vinavyoidhoofisha, hasa vile vya mwimbaji Johnny Fontane kule Hollywood. Puzo mwenyewe alishirikiana na Francis Ford Coppola kuandika skripti ya filamu ya mwaka 1972, wakavipunguza, na maisha ya ujana ya Vito Corleone wakayahifadhi kwa filamu ya pili ya mwaka 1974. Mwandishi alipata nafasi ya kuihariri kazi yake mara ya pili. Anayeanza na filamu hapo hapotezi kitu cha maana.

Hadithi fupi hufuata njia iliyo kinyume na ya riwaya, kwa kuwa mwongozaji hulazimika kuongeza nyama. Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, mwaka 2018, na iliyopigwa marufuku nchini humo kwa kuwa inahusu mapenzi ya wasichana wawili, ilitokana na Jambula Tree ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyopata tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi hiyo ni barua ya msichana mmoja kwa mwenzake na inasomeka kwa kikao kimoja. Filamu iliihamishia Nairobi na kuwabadilishia wahusika majina. Kwa kazi fupi kama hii, kuanza na maandishi hakumgharimu mtu hata jioni moja.

Shuleni suala hili lina matokeo yanayopimika kwa alama. Vuta N'kuvute imekuwa miongoni mwa riwaya zinazosomwa kidato cha tano na cha sita Tanzania. Nchini Kenya vikundi vya waigizaji huzunguka mashuleni kuigiza vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa kwa mtihani, na maonyesho hayo huuzwa pia kwa video. Hapo lazima tamthilia itenganishwe na riwaya. Kigogo ya Pauline Kea ni tamthilia. Iliandikwa ili ipande jukwaani, na mwanafunzi anayeiona ikiigizwa anaipata mahali pake pa asili, hata kama hajafika mwisho wa kitabu. Chozi la Heri ya Assumpta Matei ni riwaya, na kuigizwa kwake kwa saa moja na nusu ni muhtasari tu, hata waigizaji wawe hodari namna gani. Mtahini hutoa dondoo na kuuliza nani alisema, kwa nani, katika mazingira gani. Huuliza pia mbinu za lugha: tashbihi, taswira, kinaya cha msimulizi. Msimulizi ndiye mtu wa kwanza kufutwa riwaya inapokwenda jukwaani au kwenye skrini. Mwanafunzi aliyetazama bila kusoma ataweza kusimulia kisa, kisha akwame kwenye kila swali linalohusu namna kilivyosimuliwa. Mwalimu mwenye nafasi ya kuchagua aonyeshe filamu baada ya darasa kumaliza kitabu, na awape wanafunzi kazi ya kutafuta kilichokatwa na kueleza kwa nini. Zoezi hilo moja huwafundisha muundo wa riwaya haraka kuliko maelezo ya ubaoni.

Kwa watoto wadogo hoja ni nyepesi zaidi. Mtoto anayesimuliwa habari ya zimwi hulichora kwa ukubwa anaouweza. Filamu humwekea zimwi lililochorwa na watu wazima wenye kompyuta, na usiku hauwi salama. Hadithi za kutisha zianze kwa kusimuliwa au kusomwa.

Kuna pia kazi ambazo haziruhusu mpangilio wowote. Mfululizo wa Game of Thrones, uliotokana na vitabu vya George R. R. Martin, ulimalizika kwenye televisheni mwaka 2019 wakati kitabu cha sita bado hakijatoka, na msomaji aliyekuwa akisubiri kitabu alijikuta akiusikia mwisho vijiweni apende asipende.

Anayekusudia kupata vyote viwili aache muda upite kati yake, walau wiki kadhaa. Anayefunga kitabu usiku na kuwasha filamu asubuhi hutazama kama mkaguzi wa hesabu, akihesabu yaliyokosekana, na filamu nzuri humpita bila kuionja. Na anayetoka kwenye filamu kwenda kitabuni asome kurasa ishirini za mwanzo polepole sana, kwa sababu hapo ndipo mwandishi huwatambulisha watu wake kwa maneno aliyoyachagua, na ndipo penye nafasi ya kuuondoa uso wa mwigizaji na kuweka mwingine.

Riwaya za Kiswahili zilizopata kugeuzwa filamu ndefu bado ni chache mno. Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli, za Adam Shafi huyohuyo, zimesomwa tangu miaka ya sabini na wahusika wake wangali na sura alizowapa kila msomaji. Kwa ambaye hajagusa riwaya ya Vuta N'kuvute wala filamu yake, aanze na riwaya, amjue Yasmini kwa safari zake zote, kisha aitafute filamu ya Amil Shivji aisikie Zanzibar ikisema.